Chanda chema na pete iliyochelewa

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii twaifundisha tangu shule za msingi, na wanafunzi huikariri bila kusita. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi ni nani mwenye jukumu la kuivisha pete hiyo, wala haisemi ivishwe lini, wala haituelezi chanda chema kitatambuliwaje pale ambapo kila kidole kinadai kuwa ndicho. Katika makala haya ningependa kuyatazama maswali hayo kwa kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye matunda ya kazi yake yameingia katika sebule za mataifa yote, ilhali jina lake halijulikani na wengi. Mtu huyo ni Mmarekani Philo Taylor Farnsworth.

Kilichonichochea kuandika ni tuzo. Kila mwaka nchini Marekani hutolewa tuzo za runinga ziitwazo Emmy. Msomaji anayefuatilia habari za burudani anazijua kwa sababu ya waigizaji na watangazaji wanaopanda jukwaani kuzipokea. Lakini ipo hafla nyingine, isiyo na kelele nyingi, ambamo Emmy hupewa wahandisi: waliobuni kamera bora, mitambo ya sauti, mbinu za kusafirisha picha na za kuihifadhi. Miongoni mwa tuzo hizo za uhandisi zipo mbili zenye majina ya watu. Moja hupewa mtu binafsi kwa mchango wa maisha yake yote, nayo ina jina la Charles Francis Jenkins. Nyingine hupewa kampuni au shirika ambalo limechangia teknolojia ya runinga kwa muda mrefu, nayo ina jina la Farnsworth. Tuzo hii ya pili ilianzishwa mwaka 2003. Farnsworth mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1971. Ni miaka 32 kamili kati ya kaburi na pete.

Kila ninapofundisha uundaji wa istilahi, huwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyevumbua runinga. Baadhi hunyamaza. Wengine hutaja jina la John Logie Baird, Mskoti. Wawili watatu waliosoma zaidi humtaja Vladimir Zworykin, Mrusi aliyehamia Marekani. Sikumbuki mara nyingi nikisikia jina la Farnsworth. Siwalaumu, kwa maana swali lenyewe lina mtego. Kitu kikubwa kama runinga hakizaliwi na mtu mmoja, na anayetaka kusema kweli hana budi kwanza kueleza anazungumzia runinga ipi.

Hebu tuanze na jina. Neno televisheni lilitamkwa hadharani mjini Paris mwaka 1900 na Mrusi Constantin Perskyi, kabla ya kuwapo chombo chenyewe kama tukijuavyo. Ni neno chotara: kipande cha mbele ni cha Kigiriki chenye maana ya mbali, na cha nyuma ni cha Kilatini chenye maana ya kuona. Kwa hivyo dunia ilikuwa na neno na ndoto kabla ya kuwa na mtambo. Mjerumani Paul Nipkow alikuwa amekwisha kubuni, mwaka 1884, sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko kama konokono, ambayo ikizungushwa huikata picha vipande vipande. Ni kwa sahani ya namna hiyo ambapo Baird aliwaonyesha wataalamu mjini London picha zinazotembea mnamo Januari 1926. Jenkins naye, kule Marekani, alikuwa ameonyesha vivuli vinavyosogea mwaka 1925.

Mitambo hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa na kikomo. Sahani ya chuma haiwezi kuzunguka kwa kasi isiyo na mwisho, na picha yake ilikuwa na mistari michache mno kuweza kuonyesha uso wa mtu sawasawa. Tangu mwaka 1908 mhandisi Mskoti, Alan Campbell-Swinton, alikwisha kupendekeza kuwa njia ya kweli ni kuachana na magurudumu na kutumia miali ya elektroni, ambayo haina uzito wa kutajika wala vyuma vya kuchakaa. Alipendekeza, lakini hakuunda. Hapa ndipo anapoingia kijana wa mashambani.

Philo Farnsworth alizaliwa tarehe 19 Agosti 1906 karibu na Beaver, katika jimbo la Utah, kwenye nyumba ya magogo iliyojengwa na babu yake. Mwaka 1918 familia yake ilihamia Rigby, jimbo la Idaho, katika shamba lililokuwa na jenereta ya umeme. Kwa mtoto ambaye hakuwa amezoea umeme nyumbani, huo ulikuwa muujiza. Darini alikuta rundo la magazeti ya sayansi, akayasoma usiku na mchana. Punde si punde akawa ndiye fundi wa jenereta ile, na mashine ya kufulia iliyokuwa ikizungushwa kwa mkono akaifungia mota. Tuzo yake ya kwanza aliipata akiwa kijana: dola 25 katika shindano la gazeti moja la sayansi, kwa ubunifu wa kufuli ya gari inayotumia sumaku. Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, maana tutaona kwamba katika uhai wake zawadi alizozipata zilikuwa chache, na baadhi yake ni za kuchekesha.

Inasimuliwa kwamba wazo lake kubwa lilimjia shambani akiwa na umri wa miaka 14, akilima kwa farasi. Aliitazama ardhi iliyolimwa mstari baada ya mstari, akafikiri kwamba picha nayo yaweza kulimwa hivyo hivyo: isomwe kwa mistari sambamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, isafirishwe kama mfululizo wa umeme, kisha iunganishwe tena upande wa pili. Jicho la mwanadamu, kwa udhaifu wake, lingeiona kuwa picha moja. Na kazi hiyo isifanywe na gurudumu bali na elektroni.

Mwaka 1922 alimwendea mwalimu wake wa kemia wa shule ya upili ya Rigby, Justin Tolman, akamweleza wazo hilo na kumchorea mrija aliokuwa ameufikiria. Naomba walimu wanaosoma makala haya wasimame hapa kidogo. Tolman angeweza kumwambia mwanafunzi huyo arudi kwenye silabasi. Angeweza kumcheka, kwani hata wasomi wa miji mikubwa wakati ule walikuwa wakihangaika na sahani za matundu. Badala yake alimsikiliza, akamuuliza maswali, akamfundisha nje ya saa za kawaida, na kubwa kuliko yote, akayakumbuka aliyoonyeshwa.

Maisha hayakumngoja kijana huyo. Baba yake alifariki mwaka 1924 kwa nimonia, na Philo akajikuta na mzigo wa familia kabla hajatimiza miaka 18. Masomo ya chuo huko Provo, jimbo la Utah, hakuyamaliza. Akiwa Salt Lake City alipata kazi katika kampeni ya kuchangisha fedha za hisani, na huko akakutana na George Everson na Leslie Gorrell. Aliwaeleza habari za runinga, nao wakamwamini. Everson alitoa dola 6,000 alizokuwa ameziweka akiba. Mnamo Mei 1926 Philo alimwoa Elma Gardner, aliyejulikana kwa jina la Pem, na siku hiyo ya pili wakashika njia ya California. Baadaye benki ya Crocker ya San Francisco na washirika wake waliongeza dola 25,000, na maabara ikafunguliwa katika jengo nambari 202 la barabara ya Green. Mkewe alichora michoro ya kiufundi. Shemeji yake, Cliff Gardner, alijifunza kupuliza kioo ili atengeneze mirija ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kikiiuza.

Mrija wenyewe ulifanyaje kazi? Kwa lugha nyepesi, picha ya kitu huangushwa kwa lenzi juu ya bamba lililopakwa kemikali ambayo hutoa elektroni inapomulikwa. Penye mwanga mwingi hutoka elektroni nyingi, penye giza hutoka chache. Elektroni hizo zikiongozwa kwa sumaku zisitawanyike, husafiri ndani ya mrija zikiwa zimejipanga kwa umbo lile lile la picha. Hapo picha ya mwanga imegeuka kuwa taswira ya umeme. Taswira hiyo nzima huvutwa kwa nguvu za sumaku, mstari baada ya mstari, ipite mbele ya kitundu kidogo, na kila sehemu inapopita hupimwa wingi wa elektroni zake. Kipimo hicho kinachopanda na kushuka ndicho kinachosafirishwa.

Tarehe 7 Januari 1927 Farnsworth alipeleka maombi ya hataza, yaani hati ya serikali inayomtambua mtu kuwa mwenye uvumbuzi fulani. Tarehe 7 Septemba mwaka huo huo mrija ulifanya kazi. Kilichoonekana kwenye kiwambo hakikuwa uso wala mandhari. Kilikuwa mstari mmoja mnyoofu. Kioo chenye mstari huo kilipogeuzwa chumba cha pili, mstari uliokuwa kwenye kiwambo nao ukageuka. Farnsworth alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1928 aliwaonyesha waandishi wa habari, na mwaka 1929 alirusha picha ya mkewe, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba kwa ukali wa taa. Hataza yake, nambari 1,773,980, ilitolewa Agosti 1930.

Habari njema huwavuta wenye nguvu. Mnamo Aprili 1930 Zworykin, ambaye alikuwa akianza kazi na kampuni kubwa ya redio ya RCA, aliitembelea maabara ya barabara ya Green. Farnsworth alimkaribisha, akamwonyesha mitambo yake bila kuficha. Mwaka uliofuata David Sarnoff, mkuu wa RCA, naye alifika, na kampuni hiyo ikawa tayari kumnunua Farnsworth na kazi yake kwa dola 100,000. Alikataa. Alitaka kulipwa mrabaha kwa matumizi ya uvumbuzi wake, na RCA ilikuwa imezoea kupokea mrabaha, si kuulipa.

Basi vita vikaingia katika makaratasi. RCA ilidai kwamba Zworykin ndiye wa kwanza, kwa kuwa alikuwa amepeleka maombi yake ya hataza mwaka 1923, miaka kama mitatu kabla ya Farnsworth. Mwalimu Tolman aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza yale aliyoonyeshwa mwaka 1922, na mchoro wa mwanafunzi wake ukawekwa mbele ya mawakili. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba mwalimu mmoja kwa karatasi moja aliiangusha kampuni kubwa. Ni hadithi tamu, na heshima ya Tolman haina shaka. Lakini mimi, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, navutiwa zaidi na kile kilichoamua kesi yenyewe.

Ubishi ulikuwa juu ya dai la 15 la hataza ya Farnsworth, na ndani ya dai hilo, juu ya maana ya maneno mawili tu: taswira ya umeme. Je, mtambo ulioelezwa na Zworykin mwaka 1923 ulikuwa ukiunda taswira ya umeme ambayo baadaye husomwa kipande kwa kipande? Mawakili wa RCA waliyapanua maneno hayo ili yameze mtambo wa mtu wao. Mawakili wa Farnsworth waliyashikilia kwa maana ile iliyokusudiwa na mwandishi. Wakaguzi waliyasoma maombi ya Zworykin kama yalivyoandikwa, wakaona kwamba hayakueleza jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1930 Ofisi ya Hataza ya Marekani iliamua kuwa Farnsworth ndiye mwenye haki, na RCA ilipokata rufani ikashindwa. Mwaka 1939 kampuni hiyo ilikubali kumlipa dola milioni moja kwa muda wa miaka kumi, pamoja na mrabaha.

Mwanafunzi asiyeona faida ya somo la lugha kwa mtu wa sayansi na alitafakari jambo hili. Kijana aliyekosa shahada alishinda kwa sababu, akiwa na umri wa miaka 20, alikieleza kitu chake kwa maneno yasiyoweza kuvutwa huku na huku. Mali bila daftari huisha bila habari, nao uvumbuzi ni mali.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mwenye nguvu naye apewe yake. Mrija wa Farnsworth ulikuwa na dosari kubwa. Elektroni zilizohesabiwa ni zile tu zilizopita kitunduni wakati huo. Zilizobaki zote zilipotea bure. Ndiyo maana ulihitaji taa kali mno. Zworykin na wenzake walitatua tatizo hilo kwa mrija wao, ikonoskopu, uliotangazwa mwaka 1933, ambao uliweza kuhifadhi chaji ya kila sehemu ya picha hadi zamu yake ya kusomwa ifike. Kamera za runinga zilizofuata zilidai nasaba kwa pande zote mbili. Kusema kwamba Farnsworth peke yake ndiye baba wa runinga ni kuwaonea wengine. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba yeye alikuwa wa kwanza kurusha picha kwa njia ya kielektroni kikamilifu, kuanzia kwenye kamera hadi kwenye kiwambo, na kwamba ofisi ya serikali yake ilimtambua kuwa mwenye haki ya dai lililokuwa kiini cha kazi hiyo.

Ushindi wa mahakamani haukuwa ushindi wa maisha. Mwaka huo huo wa 1939 Maonyesho ya Dunia yalifunguliwa New York, na ni RCA iliyosimama mbele ya umma na kuizindua runinga kana kwamba ni mwanawe. Kisha vita vya pili vya dunia vikasimamisha utengenezaji wa runinga za nyumbani nchini Marekani. Hataza za Marekani wakati ule zilidumu miaka 17. Ile ya mwaka 1930 ilifikia ukomo mwaka 1947, wakati ambapo wananchi wa kawaida ndio kwanza walikuwa wanaanza kununua runinga. Kufikia miaka ya 1950 mamilioni ya nyumba zilikuwa nazo, na mvumbuzi hakuwa na cha kudai. Kampuni yake ya Fort Wayne, jimbo la Indiana, iliuzwa kwa ITT mwaka 1949. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa uchovu na sononeko.

Na tuzo je? Haki itendeke: mwaka 1941 Taasisi ya Wahandisi wa Redio ya Marekani ilimpa tuzo yake ya kumbukumbu ya Morris Liebmann. Zworykin alikuwa ameipata tuzo hiyo hiyo mwaka 1934, kisha mwaka 1951 akapewa nishani ya juu kabisa ya taasisi hiyo, na nishani ya taifa ya sayansi ya mwaka 1966 ikawa yake pia. Zworykin alizistahili. Lakini msomaji ataona kwamba aliyekuwa na kampuni kubwa nyuma yake alikuwa na watu wa kumwandikia, kumtaja na kumpendekeza. Tuzo haimtafuti mtu gizani. Huletwa kwake na maneno ya watu wengine.

Tuzo za Emmy zenyewe zina kisa cha kuvutia katika jambo hili. Zilipokuwa zikitafutiwa jina, pendekezo la kwanza lilikuwa Ike, kifupi cha ikonoskopu, yaani mrija wa Zworykin. Lilikataliwa kwa sababu Ike lilikwisha kuwa jina la utani la Jenerali Dwight Eisenhower. Ndipo mhandisi Harry Lubcke alipopendekeza Immy, jina ambalo mafundi waliuita mrija mpya wa kamera, imeji-othikoni. Lubcke huyo aliwahi kufanya kazi katika maabara ya Farnsworth kule San Francisco, na mrija huo mpya, ingawa uliundwa na wahandisi wa RCA, ulitumia mbinu ya kuisafirisha taswira ya elektroni kwa sumaku, ile ile aliyoishughulikia Farnsworth tangu mwanzo. Kwa kuwa sanamu ya tuzo, iliyobuniwa na mhandisi Louis McManus, ni ya mwanamke mwenye mbawa aliyeinua atomu, Immy likalainishwa kuwa Emmy. Katika hafla ya kwanza ya Januari 1949 fundi naye alituzwa: Charles Mesak wa kituo cha Don Lee. Basi tuzo ambayo leo twaihusisha na waigizaji ilipewa jina na mhandisi, ikachongwa kwa ubunifu wa mhandisi, na jina lake ni la kifaa cha mhandisi. Farnsworth hakuwamo katika orodha ya usiku ule.

Mwaka 1957 alialikwa katika kipindi cha runinga ambamo wahusika wanne hujaribu kukisia siri ya mgeni. Siri yake ilikuwa kwamba yeye alibuni runinga ya kielektroni. Wote wanne walishindwa kukisia. Kwa ushindi huo alipewa dola 80 na katoni ya sigara. Nikilinganisha zawadi hiyo na zile dola 25 za utotoni, sijui nicheke au nilie. Alikuwa amekaa ndani ya chombo chake mwenyewe, mbele ya taifa zima, na wenye kukitumia kila siku hawakumjua.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta namna ya kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, utafiti uliommalizia fedha. Chuo Kikuu cha Brigham Young kilimpa shahada ya heshima mwaka 1968. Mnamo Julai 1969 yeye na mkewe walitazama nyumbani jinsi binadamu alivyokanyaga mwezini, picha zikirushwa kutoka huko kwa kamera ya kielektroni. Pem alisimulia baadaye kwamba usiku huo mumewe aliona kuwa taabu yake haikupotea. Kampuni yake ya mwisho ilifilisika, naye akafariki tarehe 11 Machi 1971 jimboni Utah, akiwa na umri wa miaka 64.

Pete zilianza kuja baada ya hapo. Mwaka 1983 sura yake ilitiwa kwenye stempu ya posta. Mwaka 1984 aliingizwa katika ukumbi wa kitaifa wa wavumbuzi. Mwaka 1990 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani, Washington, na waliolipigania jambo hilo mbele ya wabunge wa Utah walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi wakiongozwa na mwalimu wao mkuu. Mwaka 2002, runinga ya kielektroni ilipotimiza miaka 75, Pem alikaribishwa katika hafla ya Emmy. Mwaka uliofuata tuzo ya uhandisi yenye jina la mumewe ikaanzishwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 98, baada ya kutumia zaidi ya nusu ya ujane wake kuwaeleza watu habari ambazo zilipaswa kuwa zimeandikwa zamani.

Hata pete za mawe hazina hakika. Mwaka 2018 wabunge wa Utah waliamua sanamu ya Farnsworth iondolewe Washington ili mahali pake pawekwe ya Martha Hughes Cannon, daktari na mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa jimbo nchini Marekani. Sanamu ya Cannon ilizinduliwa mwaka 2024. Cannon alistahili, na jimbo lina nafasi mbili tu. Nalitaja tu kuonyesha kwamba sanamu huhamishwa, na kwamba kinachobaki ni kilichoandikwa.

Wapo wanaokejeli kwamba tuzo yenye jina la mtu aliyepambana na kampuni kubwa hupewa makampuni. Mimi sioni kosa kubwa hapo. Farnsworth hakuchukia makampuni; alianzisha yake. Alichokitaka ni kwamba anayekitumia kitu cha mwenziwe akiri, na alipe. Tuzo inayotamka jina lake kila mwaka mbele ya wakuu wa viwanda huwakumbusha hilo, hata kama wasikilizaji hawatambui. Lawama yangu ni nyingine: kwamba kukiri huku kulingoja hadi aliyestahili akawa hayupo wa kukisikia.

Sisi hapa Kenya tumekuwa na runinga tangu mwaka 1962. Tumekuwa pia, kwa miaka mingi, na makongamano ya sayansi ambamo wanafunzi wa shule za upili huonyesha vitu walivyobuni. Tuzo za Kalasha, zilizoanza mwaka 2009, huwatambua wapiga picha, wahariri na mafundi wa sauti wa filamu na runinga pamoja na waigizaji, nalo ni jambo la kupongezwa. Lakini najiuliza: mwanafunzi aliyeshinda katika kongamano la sayansi la wilaya yake miaka kumi iliyopita, alichokibuni kimeandikwa wapi? Cheti chake chasema alikuwa wa kwanza. Je, chasema alikuwa wa kwanza kufanya nini hasa? Akitokea mwenye mtaji akakiuza kitu kile kile, mwanafunzi huyo ataonyesha karatasi gani?

Rai yangu kwa walimu ni ndogo na haina gharama. Mwanafunzi anapokuja na wazo, hata likionekana la ajabu, mwambie aliandike katika daftari lenye kurasa zilizotiwa nambari, achore, atie tarehe, kisha nawe utie sahihi yako chini. Mfundishe kueleza kitu chake kwa maneno sahihi, awe anatumia Kiswahili au Kiingereza, mpaka asiyekiona kitu chenyewe aweze kukijua na asikichanganye na kingine. Likiwa jambo la kweli, mwonyeshe njia ya kwenda kuomba hataza kabla hajalitangaza jukwaani.

Nao waandaaji wa tuzo zetu, kubwa kwa ndogo, waandike katika kila cheti si jina la mshindi tu bali sentensi moja inayoeleza alichokifanya, na nakala ihifadhiwe mahali ambapo mtafiti ataipata miaka hamsini ijayo. Tolman alikuwa mwalimu wa kemia katika mji mdogo wa wakulima. Hakuvumbua kitu. Alisikiliza, akakumbuka, na alipoitwa akasema kweli. Kwa kila Farnsworth aliyeko katika madarasa yetu, kazi hiyo bado yamsubiri mwalimu.